Nyumba Yenye Pumzi Nyingi

Ukuta wa sebule ya Bi Mwanamkasi ulikuwa ukitoka jasho tangu alfajiri, na mwenyewe alikuwa ameketi chini yake akisuka ukili wa mkeka, kana kwamba ukuta una shughuli zake na yeye ana zake. Alivaa kanga zilizofifia, hakuwa na hereni wala bangili, na mbele yake palikuwa na fungu la miyaa mikavu aliyokuwa akiichomoa mmoja mmoja bila hata kuutazama.

Riziki alivua viatu mlangoni akainama.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa huko huko karibu na mlango. Unanukia kama bi harusi, na mimi niko edani. Usinitie tamaa."

Riziki alicheka, akakaa alipoambiwa. Alikuwa amevaa sare ya Gridi ya Pwani, shati la buluu lenye alama ya jua kifuani, na alikuwa njiani kwenda kazini. Kila asubuhi tangu Mzee Hoza, mume wa shangazi yake, azikwe, na mjane aanze kukaa ndani kwa eda, alipita hapa Makorora kumjulia hali. Lakini leo hakuja kujulia hali tu. Alikuwa na jambo, na macho yake yalimsaliti, kwa maana hayakutulia. Yalikuwa yakipanda juu ya mlango, kwenye kijisanduku cheupe chenye ukubwa wa kipande cha sabuni, ambacho taa yake ilikuwa ya kijani.

Kila nyumba ya Tanga ilikuwa na kijisanduku kama kile. Watu walikiita kidhibiti. Kilikiamuru kiyoyozi kiwake au kizime, na kilijua chumbani mna watu wangapi, kwa kuipima hewa waliyoitoa puani. Kidhibiti cha Bi Mwanamkasi kilikuwa kinasoma pumzi mbili kila siku: yake mwenyewe, na ya Subira, mkwe wake, aliyehamia hapa kumtunza.

"Shangazi, leo ni joto bichi," Riziki alisema.

"Nimelisikia likiingia. Halina haja ya kutangazwa."

Joto kavu watu wa pwani walilizoea tangu enzi za mababu. Joto bichi lilikuja na kizazi hiki. Ni joto lililoshiba maji, ambamo jasho hukaa juu ya ngozi lisikauke, na mwili ukakosa pa kuitolea hari yake. Mtu mzima mwenye afya akikaa humo mchana kutwa bila kiyoyozi huanza kuweweseka. Mtu wa umri wa Bi Mwanamkasi hafiki hata huko. Msimu uliopita seremala mmoja wa Ngamiani, mzee mkaidi, alikataa kutoka nyumba ilipozimwa, na waliokwenda kumgongea mlango jioni hawakujibiwa.

"Umeme unaweza usitoshe," Riziki aliendelea. "Zamu ikiangukia Makorora, nyumba zitazimwa kuanzia saa nane mpaka alasiri ipoe. Nakuomba, ikitokea hivyo, twende ukumbi wa baridi wa umma. Nitakuletea gari hadi hapa mlangoni."

Bi Mwanamkasi alichomoa uyaa mwingine.

"Mwenye eda hatoki, Riziki."

"Sheikh Zuberi alikuja mwenyewe akakuambia. Kwa dharura, mchana, unaruhusiwa. Dini haikutaka ufe."

"Nilimsikia. Kaniruhusu, hakunilazimisha." Mikono ikasimama kidogo. "Hoza alipokuwa kitandani nilimwambia, we tangulia tu, eda yako nitaikaa yote bila kuvuka kizingiti. Akacheka sana. Kesho yake akafa. Yule ndiye mtu wa mwisho niliyempa ahadi, na hayupo wa kunisamehe nikiivunja. Sasa nikamwambie nini, joto?"

Subira, aliyekuwa anapanga vikombe, aligeuka kwa ghafla.

"Wifi, si wewe ndiye uliyeitengeneza hiyo Zamu? Si uiambie tu iruke nyumba hii? Nyumba moja itaua mji?"

"Subira!" Sauti ya Bi Mwanamkasi ilikuwa kali kuliko joto lenyewe. "Usimtie mwenzio dhambini. Kaapa mbele za watu. Au hukuwepo?"

Subira alikuwepo, na mji mzima ulikuwepo. Zamani umeme ulikatwa kwa simu. Wakubwa walipiga simu, na nyumba zao zikabaki na ubaridi wa kuvalia sweta, huku mitaa ya watu wa chini ikizimwa wiki nzima. Riziki Sechambo, wakati huo mhandisi mchanga mwenye mdomo mrefu, alikaa akaandika programu ya kugawa shida kwa haki, akaiita Zamu, na akaipa sheria moja tu iliyo juu ya zote: mkono wa mtu usiguse zamu. Siku inazinduliwa aliitamka sheria ile uwanjani, mkono juu ya Msahafu, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka spika zikakoroma. Katika yote aliyowahi kuyafanya duniani, hilo ndilo alilojivunia.

"Nenda kazini," shangazi alimwambia, safari hii kwa upole. "Mungu hamtupi mja wake. Na ukipita sokoni, miyaa yangu inakwisha."

*

Ukumbi wa kuongozea umeme haukuwa na dirisha hata moja, ila ukuta wake mmoja ulikuwa mji mzima. Kila nyumba ilikuwa nukta ya mwanga. Iliyotumia umeme mwingi iling'aa, iliyotumia kidogo ilififia. Juu ya ukuta ulipita mstari mwekundu, ambao ndio kikomo cha umeme uliokuwepo. Chini yake ulipanda mstari mweupe wa matumizi. Kazi ya watu waliokaa ukumbini ilikuwa kuomba Mungu mistari hiyo isikutane, na kazi ya Zamu ilikuwa kuhakikisha haikutani. Ikikutana, mji wote ungezimika kwa mpigo, hospitali na pampu za maji zikiwemo.

Kabla ya adhuhuri mstari mwekundu ulishuka kama mtu aliyekosa ngazi. Betri kuu ya Pongwe ilikuwa imezidiwa na joto, na sehemu yake moja ikajifunga yenyewe isije ikaungua; kwa kasi ile ya joto, saa nane mistari ingekutana.

Mkurugenzi Singano alikuja na chai yake mkononi, akautazama ukuta, akaiweka chai chini bila kuinywa. Alikuwa mtu wa Lushoto, aliyezaliwa kwenye baridi, na miaka yote hii hakuwahi kulisamehe joto la bondeni.

"Zamu imemchagua nani?" aliuliza.

Maandishi yalikuwa yameshatokea. MAKORORA, KUANZIA SAA NANE. INAFUATA RASKAZONE. Chini yake, sababu: matumizi ya mtaa huu ni madogo kuliko ya mitaa yote msimu huu, hivyo wakazi wake wanastahimili zaidi.

Riziki alilisoma jina la mtaa mara ya pili.

Kabla hajasema neno simu ya mezani ililia. Alikuwa Alhaji Twaha wa Raskazone, mwenye mabasi, na sauti yake ilikuwa tamu kama halua ya mtu anayetaka kukopa.

"Mwanangu Riziki, nasikia sisi ni wa pili. Sijiombei mimi, mimi ni mtu mzima, nimeyazoea. Nina samaki wa mapambo, tangi zima, wametoka nchi za mbali. Maji yakipata moto wanakufa wote. Nizungukie kidogo."

"Haiwezekani, Alhaji. Mkono wa mtu haugusi zamu."

"Hata kwa viumbe wasio na hatia?"

"Hata kwao."

Alikata simu. Kisha akagundua kuwa kidole chake cha mkono wa pili kilikuwa kimekaa juu ya nukta moja kwenye kioo cha meza yake. Nukta ya Makorora. Pumzi mbili.

Zamu ilikuwa na mlango mmoja tu wa huruma. Nyumba yenye mtu asiyeweza kutoka haikuzimwa. Ulichagua tu aina: mgonjwa wa kitandani, mzazi mwenye kichanga, mlemavu asiye na msaidizi. Mlango ule ulifungwa saa saba kamili, saa moja kabla ya kuzima, na baada ya hapo hata Rais asingeufungua. Ingetosha kugusa mara moja. Mgonjwa wa kitandani. Nani angekwenda kumpima Bi Mwanamkasi?

Akaisoma tena orodha ya aina, na safari hii aliona kilichokosekana. Eda haikuwemo. Mji huu ulijaa misikiti kila kona, aliyeitunga orodha alikuwa mtoto wa chuoni aliyekhitimu Msahafu kabla hajaota jino la utu uzima, na eda haikumpitia kichwani hata mara moja! Aliiga aina zile kutoka kwa wataalamu wa ng'ambo, watu ambao kwao mjane akitaka kwenda sinema jioni anakwenda. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Ni wajane wangapi walikuwa wamekaa ndani leo, Chuda, Msambweni, Mabawa, ambao Zamu haikuwajua? Akimwokoa wake kwa uongo, wale wana nani Gridini wa kuwadanganyia?

"Hiyo sababu ya Zamu," Singano alisema ghafla nyuma yake, "inanishangaza. Makorora ina watu wengi. Kwa nini matumizi yao ni madogo?"

Lilikuwa swali la kawaida, na Riziki alilijibu kwa kazi ya kawaida: aliurudisha nyuma mstari wa Makorora, wiki baada ya wiki. Ulikuwa mstari kama wa mtaa mwingine wowote. Halafu ukafika mahali ukaporomoka hadi chini ya nusu, ukakaa huko siku kadhaa, ukapanda tena. Shimo hilo moja ndilo lililoushusha wastani wote.

Alilikumbuka shimo lile. Alilidhani ni hitilafu ya mita, akamtuma fundi akakague. Fundi alirudi akicheka. Mita ni nzima, alisema, ila watu wako matangani.

Matanga ya Mzee Hoza.

Riziki alisimama wima. Aliziona tena siku zile, ila sasa aliziona kwa macho ya mhandisi. Wanawake wa mtaa mzima walikuwa wamejaa sebuleni kwa shangazi, bega kwa bega, wakilia, wakipumzika, wakisengenya kidogo, wakilia tena. Wanaume walikuwa wamejaa msikitini na kwenye ukumbi wa madrasa. Nyumba zao zote zilikuwa zimefungwa na viyoyozi vimezimwa, maana nani aache ubaridi unapuliza makochi? Majiko nayo yalikuwa baridi, kwa kuwa siku ya matanga hakuna anayeinjika kwake. Hupikwa sufuria moja, huliwa sinia moja. Kiyoyozi kimoja kilikuwa kimewapoza watu ambao siku za kawaida wangehitaji viyoyozi thelathini. Na hakuna aliyeona joto.

"Mkurugenzi," alisema, "Zamu huzima mtaa ambao umekwisha kujipunguza wenyewe?"

"Kwa nini iuzime? Inazima pungufu likiwepo. Pungufu likizibwa, haina kazi."

"Makorora wakirudi kwenye lile shimo kabla ya saa nane, pungufu litazibwa."

Singano aliutazama mstari, akamtazama yeye. Hakuwa mjinga.

"Shangazi yako anakaa Makorora."

"Ndiyo."

"Angekuwa anakaa kwingine, wazo hili ungelipata?"

"Hapana. Nisingeliona."

"Basi huu ni upendeleo kwa njia ya uchochoroni."

"Upendeleo ni kumruka, mkurugenzi. Mimi simruki. Mimi nataka kumjazia watu."

Saa ya ukutani ilikuwa inaikaribia saa saba, na kidole cha Riziki bado kilikuwa karibu na ile nukta. Angeweza kufanya yote mawili: adanganye kwa usalama, kisha ajaribu wazo lake. Nani angejua? Lakini mshika mawili moja humponyoka, na alijua lipi lingemponyoka. Siku angesimama tena uwanjani kuitamka sheria yake, sauti ingemkatika.

"Wasipokuja?" Singano aliuliza taratibu.

"Wasipokuja nyumba yake itazimwa kama nyumba nyingine zote."

Alikiondoa kidole, akakificha kwapani kama mtoto aliyekatazwa kugusa kitumbua cha moto. Saa saba ikalia. Mlango wa huruma ukafungwa. Riziki aliogopa kama hajawahi kuogopa maishani, na kwa mkono ule ule akampigia Bi Kidawa.

*

Bi Kidawa alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha kufa na kuzikana cha wanawake wa Makorora, na hapakuwa na mtambo Tanga nzima uliopeleka habari haraka kuliko yeye. Mtu akikata roho Barabara ya Ishirini, kabla macho hayajafumbwa, Bi Kidawa alikuwa ameshajua nani ataleta mchele.

"Kafa nani?" ndivyo alivyopokea simu.

"Hakuna, Bi Kidawa. Shikamoo."

"Marahaba. Kama hakuna aliyekufa unanipigia mimi kwa nini mchana wote huu? Mimi napigiwa misiba."

Riziki alimweleza kwa kifupi: umeme hautoshi, saa nane mtaa utazimwa, Bi Mwanamkasi hatatoka. Watu wote wakizima kwao, wakazima na majiko, wakajikusanya kama siku ya matanga, wanawake kwa shangazi na nyumba nyingine chache, wanaume msikitini na madrasani, hatazimwa mtu.

"Wazo zuri," Bi Kidawa alisema. "Ila lina kasoro. Mimi nikizungusha habari, watu wanajua kuna maiti. Sina habari ya aina nyingine. Nitasema kafa nani?"

"Sema hajafa mtu!"

"Hawatakuja, mwanangu. Nani anatoka kwenye joto hili kumfuata mzima?"

Riziki aliona machozi yanataka kumtoka, akayarudisha kwa hasira.

"Bi Kidawa, akifa jioni, mtakuja?"

"Tutakuja, kwani vipi! Mtaa mzima."

"Mtalala pale?"

"Tutalala."

"Basi njooni sasa, akiwa bado anaweza kuwakaribisha. Kwa nini tungoje afe ndipo tumjali?"

Upande wa pili kiti kililia kwa Bi Kidawa kuinuka.

"Funga simu yako," alisema. "Unanichelewesha."

*

Subira ndiye aliyekuwa macho ya Riziki. Alisimama kona ya sebule na simu mkononi, akionyesha, na sauti yake ikapanda kila dakika.

"Wifi, wanakuja! Mama Chausiku kaingia. Kaja na mkeka. Na... mbona analia?"

Ikadhihirika kuwa Bi Kidawa alisema kweli kuhusu habari zake. Kwamba Bi Mwanamkasi ni mzima alikuwa amelitangaza waziwazi, lakini watu walipoona jina la Bi Kidawa kwenye simu hawakungoja kusikia lililobaki. Wanawake wa kwanza walivuka kizingiti kanga zikiwa vichwani na vilio vikiwa mdomoni, mmoja akijipiga kifua, mwingine amekumbatia sufuria ya msiba. Wakamkuta maiti amekaa chini ya ukuta anasuka ukili.

"Mnanililia mimi?" Bi Mwanamkasi aliuliza.

Vilio vilikatika kama redio iliyochomolewa.

"Tuliambiwa..." Mama Chausiku alianza.

"Mliambiwa, mkasikia mnalotaka. Haya, mlioanza malizeni, nijue mtanililiaje. Yule pale hajatoa hata chozi. Wewe Mwanaisha! Nilikulea!"

Ukumbi mzima wa Gridi ulisikia kicheko kile kikitoka kwenye simu ya Riziki. Kilikuwa kicheko cha wanawake wengi kwa pamoja, na ndani yake kulikuwa na kimoja kikavu, kilichokwaruza kwa kutotumika, na Riziki alikijua. Hakuwa amekisikia tangu Mzee Hoza alazwe.

Kwenye kioo, nukta ya pumzi mbili ikawa ya kumi, ikawa ya ishirini, ikaacha kuhesabika kwa jicho. Kidhibiti kilidhani kimeharibika, kikajipima, kikajikuta kizima, kikaendelea kuhesabu. Kuzunguka nukta ile nyumba za Makorora zikaanza kufifia moja moja: ile ya kona, ile ya fundi cherehani, safu nzima ya nyuma ya soko. Mstari mweupe ukainama.

"Unashuka," Singano alisema, akasahau kuwa ni mkurugenzi, akapiga meza. "Unashuka, jamani!"

Ulishuka, kisha ukasimama. Saa nane ilikuwa imekaribia, na ili mistari isikutane bado palikosekana nafasi nyembamba, upana wa unyuzi. Riziki aliutazama unyuzi ule akajua wazi kwamba ungeweza kumuua shangazi yake. Na sebule sasa ilikuwa na watu wengi. Ikizimwa hivi, ingekuwa tanuri kwa wote.

"Subira, majiko! Mwambie Bi Kidawa, watu wameacha majiko!"

Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Sauti ya Bi Kidawa ilipasua sebule, ikatoka barazani, ikafika mtaa wa pili.

"Nani kaacha maharage jikoni? Nani huyo? Tangu lini mtu akaenda msibani akaacha chungu kinatokota? Kimbieni mkazime! Na mje na hayo maharage hapa, yapikwe mahali pamoja!"

Mlio wa kandambili ukasikika ukikimbia. Riziki alihesabu kimoyomoyo, akapoteza hesabu, akaanza tena. Ukutani, nukta za Makorora zilipepesuka, zikafifia, na mstari mweupe ukazama taratibu, mbali na mwekundu.

Zamu ilikaa kidogo kama inayojiuliza. Halafu ikaandika: MAKORORA, ZAMU HAIHITAJIKI.

Ukumbi ulilipuka. Watu wazima wenye shahada walikumbatiana, mmoja akapiga kigelegele asichokijua vizuri, na Singano akainywa ile chai iliyopoa kana kwamba ni sharubati. Riziki alikaa chini. Hakuigusa zamu. Aliitazama mikono yake yote miwili mezani, safi, akalia kwa furaha bila kumficha mtu yeyote.

Simu ya mezani ikalia. Joto lilikuwa bado linapanda, na sasa zamu ilikuwa imeifikia Raskazone.

"Mwanangu Riziki," Alhaji Twaha alisema, "nasikia Makorora wameachwa."

"Hawakuachwa, Alhaji. Wamejiokoa. Fungua geti lako, uwakaribishe majirani zako wazime kwao."

"Kwangu? Majirani wote? Hata siwajui majina!"

"Samaki wako wanahitaji ubaridi. Watu watakaa na samaki."

Alhaji alikohoa, akasonya, akauliza kama watavua viatu. Baada ya muda mfupi nyumba moja ya Raskazone ilikuwa inang'aa peke yake katikati ya mtaa uliofifia, na kidhibiti chake kilikuwa kinahesabu pumzi kwa taabu. Chuda walisikia, wakafanya. Ngamiani walifanya kwa mbwembwe, wakaweka na ngoma. Katika mitaa ile wajane ambao Zamu haikuwajua walifunguliwa milango na watu waliowajua vizuri sana. Alasiri ikaja, betri ya Pongwe ikapoa ikajifungua, na siku nzima Zamu haikuzima hata nyumba moja.

*

Riziki alifika Makorora jua likiwa limelegea. Alisikia sebule kabla hajaiona. Umeme ulikuwa unawatosha wote, hapakuwa na sababu ya mtu kukaa, na hakuna aliyeondoka. Maharage yalikuwa yameliwa. Mama Chausiku alikuwa anasukwa nywele. Wengine walikuwa wamelala fofofo juu ya mikeka, midomo wazi, chini ya kijisanduku cheupe chenye taa ya kijani.

Alivua viatu, akatafuta pa kukanyaga.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Bi Mwanamkasi alikuwa pale pale chini ya ukuta, na kizingiti hakikuwa kimemwona. "Nimeambiwa hukuigusa hiyo Zamu yako."

"Sikuigusa."

"Uliogopa?"

"Niliogopa sana, shangazi. Nilidhani nitakuzika."

"Mimi pia niliogopa," mama yule alisema, na hakulisema kwa mzaha. "Hawa walipoingia wakilia nilifurahi mpaka nikaona haya. Kesho joto lipo?"

"Lipo. Na kesho kutwa."

"Na miyaa yangu?"

Riziki alijipiga kipaji cha uso. Aliisahau.

"Basi nenda kailete kabla soko halijafungwa, na ulete mizigo, si fungu," Bi Mwanamkasi alisema, akiunyoosha ukili wake sakafuni akaupima kwa macho dhidi ya wanawake waliojaa chumbani. "Mkeka huu nilikuwa nimeukadiria mtu mmoja."